Siku moja Rousay: anza na Midhowe, yaliyo karibu na gati yasubiri

Mara ya kwanza nilipokwenda Rousay nilifanya kosa linalofanywa na karibu kila mgeni. Niliposhuka kwenye kivuko nikaingia kaburi la kale la kwanza nililoona kibao chake, kwa kuwa lilikuwa karibu. Nikatoka hapo nikaenda la pili, nikapanda mlima kulifuata la tatu, na nilipofika Midhowe, penye kaburi kubwa na mnara wa kale kando ya bahari, mahali penyewe nilipopafuata, zilikuwa zimebaki dakika 40 kabla ya kugeuza gari kuwahi kivuko cha mwisho. Midhowe haitazamwi kwa dakika 40. Nimerudi mara mbili tangu hapo. Mpangilio ninaoueleza hapa ndio niliouona unafaa, pamoja na makosa yaliyonila fedha na muda.

Rousay ni kimojawapo cha visiwa vipatavyo 70 vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti. Barabara yake kuu ni moja, inazunguka kisiwa chote kwa maili 14, yaani kilomita 22 hivi. Kisiwa kidogo namna hiyo kina mabaki ya kale zaidi ya 100, na ndiyo sababu wengine wamekiita Misri ya Kaskazini. Mengi yamesalia kwa ajili ya jiwe lenyewe. Jiwe la Orkney hupasuka kwa tabaka, bamba juu ya bamba, bapa na nyoofu, bila kuhitaji kuchongwa sana. Miti nayo ni adimu huko tangu zamani. Basi watu wa miaka 5,000 iliyopita walijenga kwa mawe hata vitu ambavyo kwingine vingetengenezwa kwa mbao: vitanda, rafu, kuta za kugawa chumba. Mbao zingekwisha kuoza.

Kuingia makaburi ya Rousay ni bure. Hakuna mlinzi, hakuna tiketi, hakuna wa kukuongoza. Gharama yote iko katika kufika, na huko ndiko watu wanakokosea.

La kwanza ni viza. Uskoti ni sehemu ya Uingereza, na Uingereza haimo katika Schengen. Nimekutana na watu waliokuwa na viza halali ya Ufaransa wakidhani itawavusha. Haivushi. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Uingereza, hata kama anaishi Dubai au Muscat na ana kibali cha ukaazi cha huko. Raia wa Oman wao huomba idhini ya kusafiri kwa mtandao, ambayo ni nyepesi zaidi. Usilipie kitu chochote kisichorudishwa fedha, iwe ndege, hoteli au gari, kabla pasipoti haijarudi mkononi.

La pili ni jina. Kisiwa kikubwa cha Orkney kinaitwa Mainland, neno ambalo kwa Kiingereza humaanisha bara. Ukisoma kwenye ratiba kwamba kivuko cha Rousay kinatoka Mainland, usidhani kinatoka Uskoti bara. Kinatoka Tingwall, gati dogo lililo kilomita 20 hivi kutoka Kirkwall, mji mkuu wa Orkney. Kwa hiyo safari ina hatua mbili za maji. Kwanza unavuka hadi Kirkwall au Stromness, unalala, ndipo unavuka tena.

Kufika Orkney kuna njia kadhaa. Ndege ndogo huruka kwenda Kirkwall kutoka Edinburgh, Glasgow, Aberdeen na Inverness. Meli hutoka Scrabster kwenda Stromness kwa dakika 90, ikipita chini ya nguzo kubwa ya jiwe iitwayo Old Man of Hoy, na nyingine hutoka Gills Bay kwenda St Margaret's Hope kwa muda wa saa moja hivi. Maji yanayovukwa ni Pentland Firth, ambako Atlantiki na Bahari ya Kaskazini zinasukumana, na mkondo wake ni mkali kweli. Dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla ya kupanda. Ukingoja hadi tumbo lianze kugeuka, umechelewa. Ndege nayo huzuiwa na ukungu, hasa majira ya joto. Acha siku nzima tupu kati ya kurudi kutoka Orkney na ndege yako ya kimataifa. Mimi sikuiacha, na nililipa tiketi mara mbili.

Gari la kukodi likodiwe Kirkwall au Stromness, mapema. Majira ya joto magari huisha wiki nyingi kabla. Kwa sisi tuliozoea kuendesha upande wa kushoto, hilo halisumbui. Kinachosumbua ni barabara nyembamba zinazotosha gari moja tu, zenye vituo vya kupishana. Kituo kikiwa kushoto kwako, ingia. Kikiwa kulia, simama mkabala nacho ukiwa kushoto, mwenzako ndiye atakayeingia. Usiegeshe humo hata kwa dakika mbili za kupiga picha, maana dereva wa trekta atakwama kwa sababu yako. Na jambo ambalo hakuna aliyeniambia: upepo wa Orkney hung'oa milango ya magari. Egesha pua ya gari ikielekea upepo, fungua mlango mmoja tu kwa wakati mmoja, ushike kwa mikono yote miwili. Bima nyingi za magari ya kukodi hazilipi mlango uliopindwa na upepo. Soma kifungu hicho kabla ya kutia saini.

Sasa kivuko. Meli ya Rousay inaitwa Eynhallow, hubeba magari yapatayo kumi, na gari lazima liwekewe nafasi mapema. Abiria wa miguu na baiskeli huingia kwa urahisi zaidi. Kuvuka moja kwa moja ni dakika 25 hivi, lakini safari nyingine hupitia visiwa vya Wyre na Egilsay kwanza, kwa hiyo soma ratiba mstari kwa mstari uone meli yako inasimama wapi. Ratiba imeandikwa kwa saa 24: 16:30 ni saa kumi na nusu jioni. Fika Tingwall nusu saa kabla. Magari huingia kinyumenyume, yaani unarudi nyuma kwenye mteremko wa chuma huku mabaharia wakikuelekeza kwa mikono. Kama hujazoea kurudi nyuma kwa vioo, fanya mazoezi uwanjani siku moja kabla. Usimtazame aliye nyuma yako kwenye foleni, mtazame baharia peke yake, ufuate mkono wake hadi akwambie basi.

Chukua kivuko cha asubuhi kabisa na weka nafasi ya kurudi katika kile cha kabla ya mwisho, kisicho cha mwisho. Ukichelewa, cha mwisho bado kipo. Ukiwa umepanga cha mwisho na ukachelewa, unatafuta malazi katika kisiwa chenye vitanda vichache.

Kabla ya kuvuka jaza mafuta, jaza chupa za maji, nunua chakula cha siku nzima Kirkwall. Kuna huduma chache karibu na gati, lakini usizitegemee kwa saa unazotaka wewe. Simu hupoteza mtandao sehemu nyingi za magharibi ya kisiwa, basi pakua ramani kabla, au nunua ile ya karatasi ya Ordnance Survey, Explorer nambari 464. Tochi ya kichwani ni bora kuliko tochi ya simu, maana kwenye ngazi unahitaji mikono yote miwili. Mwavuli uache nyumbani, hautafika jioni ukiwa mzima. Vaa koti na suruali visivyopitisha maji, na viatu vya kupandia mlima vyenye soli ya kushika, kwa sababu majani ya huko ni mafupi, yenye maji na kinyesi cha kondoo, na yanateleza kama sabuni.

Ukishuka gatini, geuka kushoto uelekee magharibi, na uyapite makaburi yote matatu bila kusimama. Vibao vitakuita. Taversoe Tuick iko kama nusu maili tu kutoka gatini, kisha Blackhammer kando ya barabara, kisha njia ya kupanda kwenda Knowe of Yarso. Yapite. Midhowe iko maili tano na nusu kutoka gatini, na hali ya hewa ya asubuhi mara nyingi ndiyo bora utakayopewa. Tena makaburi ya karibu yana paa, unaweza kuyaona hata mvua ikinyesha. Mnara wa Midhowe hauna.

Mwenye baiskeli ahesabu saa moja nzima hadi huko, na upepo ukiwa wa magharibi aongeze nusu saa. Vilima si virefu lakini havina kivuli wala kinga.

Kutoka maegesho ya Midhowe unashuka shamba lenye mteremko mkali hadi ufukweni, dakika 10 hadi 15. Kumbuka kwamba utaupanda huo huo ukirudi. Lango ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Kukiwa na ng'ombe wenye ndama, zunguka mbali na usipite kati ya mama na mtoto. Kuanzia Mei hadi Julai kuna ndege wanaotaga chini, na wengine hukushukia kichwani kwa hasira. Inua fimbo juu ya kichwa, watailenga fimbo.

Chini huko utaona jengo kubwa la mawe lenye paa, linalofanana na ghala. Wengi hulipita wakidhani ni la mkulima. Humo ndimo lilimo kaburi la Midhowe. Jengo lilijengwa baada ya uchimbaji wa 1932 na 1933, uliofanywa na Walter Grant na J. Graham Callander, ili kulikinga kaburi na mvua na chumvi. Ingia, funga mlango, usubiri macho yazoee. Kisha panda daraja la chuma linalopita juu ya kaburi na ulitazame kutoka juu, maana paa lake la kale halipo.

Chumba kina urefu wa mita 23. Jozi za mabamba yaliyosimamishwa kutoka kuta zote mbili zimekigawa sehemu 12, kama mabanda ya ng'ombe zizini, na katikati kuna ujia mmoja mwembamba kutoka mlangoni hadi mwisho. Mabaki ya watu 25 yalipatikana humo, wengi wao upande wa mashariki, wengine wamekunjwa magoti juu ya viti vya mawe vilivyojengwa ukutani. Fikiria kazi ya kumpitisha maiti katika ujia ule gizani, kumfikisha kwenye nafasi yake na kumkalisha. Waliofanya hivyo waliishi zaidi ya miaka 3,000 kabla ya Kristo, kabla ya piramidi za Giza. Usiishie darajani. Zunguka pia ukuta wa nje kwa chini. Upande mmoja mabamba yamepangwa kwa kuinama, safu moja kushoto na inayofuata kulia, kama mishono ya mkeka. Kwa jengo la wafu ambalo baadaye lilifunikwa, mtu alijali uzuri wa ukuta kiasi hicho. Nilipokuja mara ya kwanza sikuuona ukuta huo kabisa.

Tumia nusu saa humo, kisha toka uende kwenye mnara, hatua chache tu kando ya bahari. Kwenye vibao utasoma neno broch, ambalo ndilo jina la minara hii ya mviringo ya Zama za Chuma. Wengi huichanganya na kaburi. Kati ya kaburi na mnara kuna zaidi ya miaka 3,000, yaani waliojenga mnara walikuwa mbali na waliozika pale kama sisi tulivyo mbali na Mfalme Suleimani.

Ukuta wa mnara umebaki na kimo cha zaidi ya mita 4, nao ni mnene sana. Ingia kwa mlango wake wa asili, uangalie pembeni mahali palipokuwa na komeo. Ndani, mabamba marefu yamegawa nafasi sehemu mbili, kila moja kama nyumba yake. Kuna meko, kuna makabati ya mawe, kuna tangi la maji lililochimbwa sakafuni na kulishwa na chemchemi, hivyo waliojifungia humo hawakufa kiu. Wachimbaji walikuta hata vipande vya chombo cha shaba na vyungu vya Kirumi, katika nchi ambayo Warumi hawakuitawala.

Angalia pia walivyokosea. Wajenzi waliacha ujia ndani ya unene wa ukuta kuanzia usawa wa chini, na uzito wa juu ukaanza kuuponda. Wakaziba sehemu ya ujia kwa vifusi na kuegemeza mabamba marefu kwa nje ili kuuzuia. Mabamba hayo yapo bado, yameinama dhidi ya ukuta, na ukishajua kazi yake utayatambua mara moja. Usipande juu ya ukuta kupiga picha. Mawe hayana saruji, na ukiona sehemu imezungushiwa kamba au ua, ni kwa kuwa yamelegea. Wakati mwingine eneo zima hufungwa kwa ukaguzi wa kuta, kwa hiyo tazama taarifa za Historic Environment Scotland, idara inayotunza mabaki ya kale ya Uskoti, siku moja kabla ya kuvuka.

Kama una saa mbili au tatu za ziada, usirudi garini mara moja. Fuata ufuko kuelekea kusini mashariki, njia iitwayo Westness, ambayo wenyeji wanaisifu kuwa maili moja yenye historia nyingi kuliko nyingine yoyote Uskoti. Sifa hiyo inastahili. Utapita kanisa la Mtakatifu Maria lililobomoka, mabaki ya jumba la mawe kando yake, na shamba la Skaill lililoachwa. Katikati ya karne ya 19 mwenye ardhi aliwafukuza wakulima wa upande huu ili aweke kondoo, na kuta zao bado zinaonekana kwenye nyasi. Naomba usizipite haraka kwa sababu si za kale vya kutosha. Ni nyumba za watu waliolia kwa kuondolewa.

Mbele kidogo ni Swandro, ambako bahari inakula makazi ya kale tabaka kwa tabaka, na wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Bradford wamekuwa wakichimba kushindana nayo. Usiokote kitu ufukweni, hata kipande cha mfupa au chungu. Kikiondolewa mahali pake hakisemi tena kilitoka tabaka gani.

Karibu na hapo, mwaka 1963, mkulima alikuwa akichimba shimo la kumzika ng'ombe wake aliyekufa, akagonga kaburi la mwanamke wa zama za Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, aliyezikwa pamoja na mtoto mchanga. Alikuwa na bizimu ya fedha na dhahabu ambayo leo iko Edinburgh, katika Makumbusho ya Taifa ya Uskoti. Ukipitia Edinburgh, itazame kabla ya kuja, maana juu ya ardhi huku hakuna cha kuonyesha.

Njia hii ni ya mawe na matope, na kwenda na kurudi kwa mwendo wa kutazama ni saa mbili hadi tatu. Ukiwa na gari moja lazima urudi ulikotoka. Weka saa ya kugeuza kabla hujaanza, na ikifika geuka.

Sasa unarudi kuelekea gatini, na kila kituo kinakusogeza karibu na meli. Knowe of Yarso ndiyo ya kuacha kama miguu imechoka: njia ni ya kupanda kwa ukali, na ndani ni chumba kifupi chenye paa la kisasa. Lakini kwa mwenye nguvu, mandhari ya mlango-bahari kutoka pale juu ni ya kipekee, na simulizi yake pia. Humo yalikutwa mabaki ya watu 29, na mafuvu mengi yalikuwa yamepangwa safu kando ya ukuta, pamoja na mifupa ya kulungu wengi.

Blackhammer haihitaji zaidi ya dakika 20. Unaingilia juu, kwa tundu la paa la zege, ukishuka ngazi ya chuma. Shuka ukiitazama ngazi, mzigo wa mgongoni uache juu, na ukitoka funga kifuniko, la sivyo mvua itaingia na mwanakondoo anaweza kutumbukia. Chumba kina sehemu saba, na mlango wake wa asili ulizibwa na watu wa kale wenyewe kwa ukuta uliopangwa vizuri.

Taversoe Tuick niliweka mwisho safari ya pili na ya tatu, na ninaona ndiyo nafasi yake. Ni kaburi la ghorofa mbili. Katika Orkney yote liko jingine moja tu la namna hiyo, Huntersquoy katika kisiwa cha Eday. Liligunduliwa mwaka 1898, pale Jenerali Traill-Burroughs, mwenye kisiwa wakati huo, alipoagiza watu wachimbe kilimani ili ajengewe mahali pa kukaa na kutazama bahari. Chumba cha chini kimechimbwa mwambani, na mabamba ya paa lake ndiyo sakafu ya chumba cha juu. Kila kimoja kilikuwa na mlango wake, cha juu kikielekea mlimani na cha chini kikielekea baharini, hivyo waliozika juu hawakupita kwa waliozika chini. Pengine walikuwa koo mbili zilizoshirikiana kilima kimoja, pengine sivyo. Juu ilikutwa mifupa iliyochomwa, chini ilikutwa isiyochomwa. Leo unaingia kwa mlango wa juu ukiinama, kisha unashuka ngazi hadi chini. Mwenye magoti mabovu aishie juu, ataona cha chini kupitia tundu. Mwenye hofu ya mahali pafinyu amtangulize mwenzake na tochi, yeye abaki karibu na mwanga wa mlango. Hakuna haja ya kujilazimisha.

Kuhusu majira: nenda kati ya Mei na Septemba. Mwezi Juni jua huzama Orkney baada ya saa nne usiku na kuchomoza karibu saa kumi alfajiri, na giza kamili haliingii. Ni neema kwa mtembezi, lakini anayesali aulize mapema atafuata ratiba ipi ya Isha na Alfajiri, maana kuangalia anga hakutamsaidia. Desemba ni kinyume, jua huchomoza kama saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa na robo alasiri, na siku moja ya Rousay haitoshi kuona hata nusu.

Chagua pia siku. Bandari ya Kirkwall hupokea meli kubwa za watalii, na ratiba zao hutangazwa. Siku ambayo meli yenye maelfu ya abiria imetia nanga, kijiji cha Skara Brae na duara la mawe la Brodgar hujaa mabasi. Siku hiyo ndiyo ya kwenda Rousay, ambako mabasi hayo hayafiki. Skara Brae, Brodgar na kaburi la kale la Maeshowe uyawekee siku tulivu. Maeshowe huingiwi ila kwa kundi lenye kiongozi na nafasi iliyonunuliwa mapema. Nilifika mlangoni bila nafasi nikarudishwa, na nafasi iliyofuata ilikuwa baada ya siku mbili. Na kama unataka kufika kisiwa kidogo cha Brough of Birsay, ambako njia ya miguu hufunikwa na bahari, unayo kama saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa na saa mbili baada yake. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa jambo hilo, ila bahari ya huko ni baridi ya kuua, si ya kuogelea kurudi.

Kivuko cha kurudi kikikushusha Tingwall mapema, usikimbilie Kirkwall. Gurness iko dakika 15 hivi kwa gari, upande wa pili wa mlango-bahari ule ule, ikiitazama Rousay. Nayo ni mnara kama wa Midhowe, ila umezungukwa na kijiji kizima cha mawe unachoweza kutembea mlango hadi mlango. Uligunduliwa mwaka 1929, pale mshairi Robert Rendall alipokuwa ameketi juu ya kilima akichora na mguu wa kigoda chake ukazama ardhini. Tofauti na Rousay, hapo kuna tiketi, na hufunguliwa majira ya joto tu. Asubuhi, kabla hujavuka, uliza saa ya mwisho ya kuingia, ndipo uamue jioni utarudi na kivuko kipi.